Sura ya Sita: Anayechosha na Aliyechoka

Barua ya maombi ya kazi imeandikwa vizuri, anwani iko mahali pake, tarehe ipo, salamu za heshima zipo. Kisha inakuja sentensi ya kwanza: "I am very interesting in this position." Mwombaji alitaka kusema kwamba anaitamani kazi hiyo. Alichosema ni kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kuvutia sana, halafu sentensi ikamkatikia mikononi. Mwingine yuko kwenye usaili, anaulizwa kwa nini aliacha kazi ya awali, anajibu, "Because I was boring." Amejishtaki bila kushtakiwa na mtu: ametamka kwamba aliacha kazi kwa sababu alikuwa akiwachosha wenzake.

Mfano wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwongoza watalii wa Zanzibar anamsimulia bosi wake jinsi ziara ya Mji Mkongwe ilivyokwenda, anasema, "The guests were very interesting." Hapo hakuna kosa la sarufi hata chembe. Bosi atatikisa kichwa na kuelewa kwamba wageni walikuwa watu wenye visa na mambo yao. Kama kijana alikusudia kusema kwamba wageni walimsikiliza kwa hamu, neno lilikuwa "interested", na kwa kuwa sentensi yake imekaa sawa, hakuna atakayemsahihisha. Kosa linalovunja sentensi hujifichua lenyewe. Kosa linalotoa sentensi safi yenye maana nyingine huishi na mtu hadi kustaafu.

Walimu wengi huwa na maelezo mafupi juu ya jambo hili: Kiswahili hakina tofauti ya namna hiyo, ndiyo maana wanafunzi wanachanganya. Maelezo hayo siyakubali. Ni Mswahili gani asiyejua tofauti ya mwalimu anayechosha na mwalimu aliyechoka? Mtoto ambaye hajaanza shule hawezi kusema "hadithi imechoka" akimaanisha kwamba hadithi inamchosha. Tunazo choka na chosha, shangaa na shangaza, furahi na furahisha, huzunika na huzunisha, ridhika na ridhisha, kata tamaa na katisha tamaa. Tofauti tunayo tangu utotoni na tunaitumia bila kufikiri. Kinachotuangusha tumekipata darasani.

Kumbuka tulivyofundishwa. Mwalimu aliandika ubaoni "I am cooking", akasema hiyo -ing ni kitendo kinachoendelea sasa, ninapika. Akaandika "I cooked", akasema hiyo -ed ni kitendo kilichopita, nilipika. Kwa vitenzi vya kupika, kulima na kutembea, kanuni hiyo inatosha, na tumeikariri mpaka ikaota mizizi. Sasa mwanafunzi yule yule amekaa kwenye mkutano usiokwisha, anataka kusema kwamba wakati huu, hapa alipo, anachoshwa. "Sasa hivi" inamkimbiza kwenye -ing: "I am boring." Akikutana na "I am bored" anaiona ina kasoro, maana "am" ni ya leo na -ed ni ya jana, na leo na jana haviwezi kukaa kiti kimoja. Hakukosea kwa uzembe. Amefuata alichofundishwa, tena kwa uaminifu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitoa saa ndani ya maneno haya. Yakishakuwa vivumishi, -ing na -ed hazipimi wakati tena. Wakati umeachiwa "am", "was" na "will be". Mtu anaweza kuwa "boring" jana, leo na kesho. Anaweza kusema "I will be bored" juu ya harusi ya wiki ijayo ambayo hata kadi yake haijachapwa. Viambishi hivi vinachoonyesha ni upande: nani anaitoa hisia na nani inamfikia.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa mwalimu bora kuliko ubao. Sikiliza neno "nimechoka". Mtu akikuambia "nimechoka", hakupi habari ya jana. Anakueleza hali yake ya sasa, iliyoanza kabla na bado imemkalia. Hiyo ndiyo kazi ya -me- kwenye vitenzi vya hali, na E. O. Ashton katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944 aliiona: -me- hueleza kitendo kilichotimia na pia hali iliyobaki baada yake. Umelala, amesimama, tumeshiba. Zote ni hali za sasa. Ile -ed ya "tired" inafanya kazi hiyo hiyo. Nimechoka, "I am tired". Nimeshangaa, "I am surprised". Nimechanganyikiwa, "I am confused". Nimeridhika, "I am satisfied". Wale waliokaririshwa kwamba -me- siku zote ni "have" plus kitenzi wamenyimwa ufunguo waliokuwa nao mfukoni.

Upande wa pili, ule wa chanzo, Kiswahili huuonyesha kwa kauli ya kutendesha, -sha na -za, na mara nyingi hutanguliza -a ya uhusiano: safari ya kuchosha, "a tiring journey", habari za kushangaza, "surprising news", matokeo ya kukatisha tamaa, "disappointing results", maelezo ya kuchanganya, "confusing instructions". Kila unapoweza kusema "-a kuchosha", "-a kufurahisha", "-a kutisha", Kiingereza kitataka -ing. Kila unapoweza kusema "amechoka", "amefurahi", "ametishika", kitataka -ed. Kipimo hiki sikukitoa Uingereza. Kimo ndani ya kinywa cha kila msomaji wa sura hii, na kinafanya kazi mara nyingi zaidi kuliko ile kanuni maarufu ya vitabuni kwamba -ed ni ya watu na -ing ni ya vitu.

Kanuni hiyo, kwa kweli, ingefaa ipumzishwe. Mjomba anayerudia hadithi moja kila sikukuu ni mtu, na ni "boring". Mbwa aliyejikunyata uvunguni wakati wa radi si mtu, na ni "frightened". Hata uso, sauti na macho hupewa -ed, kwa kuwa ndimo hisia za mtu zinamoonekana: "a worried look", "a surprised voice", "a tired smile". Tabasamu halichoki, lakini mwenye tabasamu amechoka, na Kiingereza kimeliacha neno likae usoni pake.

Tofauti ya kweli kati ya lugha hizi mbili iko chini zaidi, kwenye mizizi. Angalia neno lipi ni fupi. Kwa Kiswahili, choka ni fupi na chosha limejengwa juu yake. Furahi ni fupi, furahisha ni refu. Tunaanza na mwenye kuhisi, kisha tukimhitaji msababishaji tunaongeza kiambishi. Kiingereza, kwenye kundi hili, huanza na msababishaji. "Bore", "surprise", "confuse", "excite", "disappoint": vyote hivi, vikiwa vitupu, mtenda wake ni chanzo. "The film bored me." Mwenye kuhisi yuko mwishoni, amepokea tu, na akitaka kusimama mwanzoni mwa sentensi ni lazima avikwe -ed. Mswahili anayesema "I am boring" amelishika neno la Kiingereza kana kwamba limejengwa kama choka, hali limejengwa kama chosha.

Wataalamu wa isimu wameshughulika sana na mwelekeo huu. Mwaka 2004 Johanna Nichols, David Peterson na Jonathan Barnes walichapisha utafiti wa jozi 18 za vitenzi katika lugha 80, wakitazama kila lugha inapendelea kutoka upande gani: kuongeza kitu ili kumpata msababishaji, au kwenda kinyume chake. Lugha hazifanani, na kila moja ina tabia yake. Hata sisi hatuko upande mmoja moja kwa moja. Udhi, tulilolipata kutoka Kiarabu, linaanza na msababishaji: jambo limeniudhi, nami nimeudhika. Vutia na vutiwa hali kadhalika. Sisimka na sisimua zimegawana mzizi bila mmoja kumzaa mwenzake. Ukitaka kuionja tabia ya Kiingereza bila kutoka nyumbani, zoea jozi hii ya udhi na udhika: "annoy" ni udhi, "annoyed" ni kuudhika.

Kuna ushahidi mwingine, huu wa mitaani, ambao naupenda kuliko wa wataalamu. Vijana walilichukua neno "bore" la Kiingereza wakalitia katika Kiswahili chao. Muvi inaboa. Imeniboa. Hapo limebaki na upande wake wa asili, upande wa chanzo. Walipohitaji neno la mwenye kuhisi wakaunda boeka, wakasema "nimeboeka". Kisha wengine, wakiona boeka limekaa kama choka, wakalipeleka mbele na kusema "inaboesha", kama vile choka inavyozaa chosha. Hakuna baraza lililowaelekeza. Sarufi ya Kiswahili ililipokea neno geni na kulipa jozi yake, na tangu hapo sijasikia kijana akisema "mimi naboa" akimaanisha kwamba ameboeka. Walimu wanaowacheka vijana kwa kuharibu lugha mbili kwa mpigo wangeweza kuutumia mfano huu huu darasani na wakaokoa vipindi kadhaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaochanganya lugha maofisini. "Amenidisapointi" ni neno ambalo wanusa-lugha hulikunjia pua, ila tazama lilivyo kamili: a- ni aliyesababisha, -ni- ni mimi niliyeumia. Viambishi vya Kiswahili vimeshamaliza kazi ya kueleza nani yuko upande gani. Mtu huyo huyo akihamia Kiingereza kitupu, viambishi vyake vinabaki mlangoni, na kazi yote inakiangukia kipande kidogo cha mwisho wa neno.

Kipande chenyewe hakisikiki vizuri. Maneno yetu huishia na irabu, na sikio lililolelewa hivyo huiacha konsonanti ya mwisho ipite. Katika "bored" na "confused" -ed ni d nyepesi tu. Katika "shocked" ni t. Katika "excited" na "interested" ndipo inapopata silabi yake. Kwa hiyo tunasikia na kusema "I am shock", "I am confuse", na tunapotaka kulimalizia neno, -ing ndiyo inayokuja ulimini kwanza kwa sababu ina sauti ya kushikika. Hii ni dhana yangu, ila nadhani mwalimu anayesahihisha maandishi tu bila kusahihisha matamshi anafukuza moshi na kuuacha moto.

Tukirudi kwenye maana, Mswahili ana sababu nyingine ya kuielewa -ed. Hisia kwetu mara nyingi huja kama kitu chenye nguvu kinachomkuta mtu. Tunapigwa na butwaa. Tunashikwa na hasira, tunaingiwa na hofu, tunajawa na furaha, tunapatwa na majonzi. Karibu zote ni kauli ya kutendwa, na mtu ndani yake ndiye anayepokea. Vivumishi vya -ed vimetoka kwenye ukoo huo huo wa kutendwa. "Astonished" kwa asili lina radi ndani yake: limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, kwenye neno la kunguruma. Aliyekuwa "astonished" alikuwa amepigwa na ngurumo, na Mswahili aliyepigwa na butwaa hayuko mbali naye.

Hata hivyo, yamekuwa vivumishi, na dalili yake ni "very". Unaweza kusema "very surprised" na "very tired", lakini huwezi kusema "very invited" wala "very arrested", kwa sababu kualikwa na kukamatwa bado ni matukio. Neno moja linaweza pia kukaa pande zote mbili: "The child was frightened by a dog" ni tukio, mtoto alitishwa na mbwa, "the child was frightened of dogs" ni hali, mtoto alikuwa na woga wa mbwa siku zote. Kilichobadilika ni kihusishi tu.

Sasa tufike kwenye kona inayowaangusha hata waliobobea. Nimesema -ing ni chanzo na -ed ni mwenye kuhisi. Jaribu "a feared teacher". Kwa kanuni hiyo angekuwa mwalimu mwenye hofu. Sivyo. Ni mwalimu anayeogopwa. "A loved child" ni mtoto anayependwa, na "a loving mother" ni mama mwenye upendo, yeye ndiye anayehisi. Mambo yamegeuka juu chini.

Hayakugeuka kwa bahati mbaya. Kiingereza kina makundi mawili ya vitenzi vya hisia. Beth Levin, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu makundi ya vitenzi vya Kiingereza, ameyaita kwa majina ya vitenzi vyenyewe: kundi la "amuse" na kundi la "admire". Kwenye kundi la "amuse" mtenda ni chanzo: kichekesho kinanichekesha. Humo mna "bore", "frighten", "annoy" na wenzao wengi mno. Kwenye kundi la "admire" mtenda ni mwenye kuhisi: mimi ninampenda, ninamwogopa, ninamheshimu. Humo mna "love", "fear", "hate", "respect". Viambishi havikubadilika tabia. Daima -ing humfuata mtenda na -ed humfuata mtendwa. Kilichobadilika ni nani mtenda. Kwa Kiswahili tofauti hii inaonekana waziwazi: mwalimu anayetisha, mwalimu anayeogopa, mwalimu anayeogopwa. Wa kwanza ni "frightening", wa pili ni "frightened", wa tatu ni "feared". Ukiweza kuwatenganisha walimu hao watatu kwa Kiswahili, na bila shaka unaweza, huna sababu ya kuwachanganya kwa Kiingereza. Bahati njema ni kwamba kundi la pili ni dogo zaidi, na wengi huyajua maneno yake yenye -ed kutoka kwenye matangazo ya misiba na hotuba za kustaafu: "beloved", "respected", "admired".

Kuna mapengo pia, na haya ni ya kukariri tu. Chanzo cha "scared" kwa kawaida ni "scary". Chanzo cha "impressed" ni "impressive", cha "stressed" ni "stressful", cha "delighted" ni "delightful", cha "offended" ni "offensive". Ukisema "an impressing speech" utaeleweka, ila msikilizaji atajua umeliunda mwenyewe. "Satisfied" lina ndugu wawili: "satisfying" ni kile kinachokata kiu, na "satisfactory", neno la ripoti za shule, ni kile kinachotosha bila kumfurahisha mtu yeyote. Mzazi anayeona "satisfactory" kwenye ripoti ya mwanawe asichinje kuku.

Na kuna "disinterested", ambalo watu hulitumia kwa mtu asiyejali. Asiyejali ni "uninterested". "Disinterested", kwa matumizi ya watu makini, ni asiye na maslahi ndani ya shauri. Hakimu anapaswa kuwa "disinterested"; hakimu aliye "uninterested" anasinzia kitini. Waingereza wenyewe huyachanganya haya mawili kila siku, kwa hiyo ukiyatenganisha utakuwa umewapita.

Limebaki suala la vihusishi, na hapa Kiswahili hakitusaidii sana, kwa kuwa "na" yetu inabeba mizigo mingi peke yake. Nimechoshwa na, nimevutiwa na, nimeridhika na, nimeudhika na: kwa Kiingereza kila moja lina kihusishi chake. "Interested in". "Satisfied with". "Worried about". "Excited about". "Surprised at" au "by". "Bored with" au "by", na siku hizi wengi husema "bored of" ingawa wahariri wakali hawalipendi. "Annoyed" huenda na "with" kwa mtu na "about" kwa jambo. "Tired" linastahili uangalifu wa pekee: "tired from walking" ni miguu inayouma, "tired of walking" ni moyo uliokinai, mtu anataka gari. Na "married", ambalo nalo ni la ukoo wa -ed ingawa si hisia, huchukua "to", kamwe si "with", hata kama kwa Kiswahili tumefunga ndoa na mtu.

Anayetaka mazoezi atayapata katika "English Grammar in Use" cha Raymond Murphy, kilichotoka kwa mara ya kwanza 1985 na ambacho nakala zake za mitumba huuzwa kwenye meza nyingi za vitabu. Kina somo zima la maneno haya. Lakini fanya zoezi moja kabla ya hayo. Chukua barua yako ya maombi ya kazi, ile uliyoihifadhi kwenye simu, itafute kila -ing na kila -ed iliyofuata "I am", na kila moja iulize kwa Kiswahili: mimi ndiye ninayechosha, au mimi ndiye niliyechoka? Ukifika kwenye ile sentensi ya kwanza, andika "I am interested in this position", na usiisahau hiyo "in".